‘Baba, mbona hili si jina lako?’: Oda iliyomkosesha usingizi mchoraji wa Mbagala

Fomu ya kujiunga na shule ilikuwa imekunjwa mara nne na kuwekwa chini ya redio, mahali ambapo kila mtu ndani ya nyumba angeiona. Binti mkubwa alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya bweni mkoani Mtwara. Furaha ya siku ya kwanza ilikuwa kubwa. Majirani walikuja kutoa pongezi, bibi alipigiwa simu Masasi, na mama wa nyumba aligawa vitumbua bure asubuhi ile.

Siku ya pili baba alichukua kalamu, akaanza kujumlisha.

Godoro Sh85,000. Tranka Sh55,000. Sare na viatu Sh110,000. Ndoo, jembe, fyekeo, shuka na rimu ya karatasi Sh60,000. Michango Sh80,000. Nauli na fedha kidogo ya mfukoni Sh60,000. Jumla ikawa Sh450,000, na binti alitakiwa kuripoti mapema Julai. Zilibaki wiki nne.

Ada haikuwepo kwenye hesabu hiyo, kwa kuwa serikali ilishaifuta kwa kidato cha tano na cha sita kuanzia mwaka 2022. Lakini mzazi yeyote aliyewahi kupeleka mtoto bweni anajua kwamba ada ni sehemu moja tu ya mzigo.

Baba huyo ni mchoraji. Anaishi na mke na watoto watatu katika vyumba viwili vya kupanga Mbagala, wilayani Temeke, na anachora kwenye kibanda cha mabati kando ya nyumba. Picha zake ni zile zinazoitwa Tingatinga: chui, tembo, ndege wenye mikia mirefu, rangi kali na madoa mengi. Asubuhi anapanda daladala mbili hadi upande wa Kinondoni kupeleka picha kwa watu wanaomuuzia. Wiki nyingine anauza tatu. Mwezi mwingine hauzi hata moja.

Oda yenye sehemu mbili

Mfanyabiashara alifika kibandani Jumamosi. Si mtu mgeni. Alishawahi kununua picha pale na kulipa vizuri. Safari hii alikuwa na oda yenye sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ilikuwa picha ndogo 60 za wanyama, zote za ukubwa mmoja, kwa ajili ya maduka ya watalii. Bei Sh8,000 kila moja.

Sehemu ya pili ilikuwa picha sita tu. Alitoa simu, akaonyesha picha ya zamani ya chui aliyesimama peke yake, mandhari ya rangi moja nyuma yake. Alitaka sita za namna hiyo, kwenye hadibodi iliyochakaa, zenye pembe zilizolika kidogo. Na pale chini, kwenye kona, iandikwe sahihi ya Edward Tingatinga.

“Kila moja nitakupa laki mbili,” alisema. “Wewe mkono wako ni uleule, fundi. Hakuna atakayejua.”

Sita mara laki mbili ni Sh1,200,000. Baba alipiga hesabu kichwani kabla mgeni hajamaliza sentensi. Godoro, tranka, sare, nauli, kodi ya nyumba ya miezi sita, na bado ingebaki ya kuongeza mtaji wa vitumbua vya mkewe. Aliomba apewe siku mbili za kufikiri.

Mtu aliyekuwa na jina hilo

Ili kuelewa uzito wa ombi lile, ni vizuri kujua mwenye sahihi alikuwa nani.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, kusini mwa Tanzania. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule, aliondoka kwao kutafuta kazi. Alifanya kibarua kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam, ambako alifanya kazi za nyumbani na bustani. Hakusomea uchoraji popote.

Mwaka 1968 hivi alianza kuchora kwenye vipande vya hadibodi, mbao zile nyembamba zilizokuwa zikitumika kwenye dari, kwa rangi ya mafuta iliyotumika kupaka baiskeli. Vilikuwa vifaa vya fundi wa kawaida, na bei yake mtu wa kipato chake aliimudu. Picha ziliuzwa eneo la Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni wengi walikuwa wakienda kununua mahitaji yao.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Picha hizi hazikuanzia makumbusho wala chuoni. Zilianza kama biashara. Tingatinga alichora ili auze, na alijua anamuuzia nani. Alipoona zinapendwa aliwaita ndugu na jamaa, akawafundisha, nao wakawa wanachora pamoja naye.

Kazi yake ilidumu takriban miaka minne tu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Wanafunzi wake waliendelea. Mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo walikuwa na chama chao cha ushirika, na mpaka leo Morogoro Stores ndiko mgeni anakoelekezwa akiuliza picha za Tingatinga. Mtindo huo ulifika hata kwenye televisheni ya watoto Uingereza mwaka 2010, kupitia katuni za Tinga Tinga Tales zilizotengenezwa Nairobi.

Kwa hiyo jina lile sasa lina maana mbili. Ni jina la mtindo, ambalo mchoraji yeyote wa fani hiyo anaweza kulitumia kueleza kazi yake. Pia ni jina la mtu mmoja, mume na baba, aliyechora picha chache na kufa mapema. Kwa sababu ni chache, zile za mkono wake mwenyewe zina bei kubwa sana ng’ambo. Mfanyabiashara yule hakuwa akinunua mtindo. Alitaka kununua mtu aliyekufa.

Mazungumzo ya usiku

Usiku ule, watoto walipolala, baba alimweleza mkewe kila kitu.

Huenda msomaji anatarajia kusikia kwamba mke alikataa palepale. Hakukataa. Yeye ndiye huamka saa tisa usiku kukoroga unga wa mchele, na ndiye mwenye nyumba humwendea kwanza akidai kodi.

“Baba Watoto,” alisema, “kila siku unachora chui wa yule marehemu. Hukumvumbua wewe. Mbona hilo halikusumbui, lakini maandishi ya kona moja yanakukosesha usingizi?”

Lilikuwa swali zuri, na baba hakuwa na jibu la haraka. Ni kweli kwamba mtindo ameurithi. Ni kweli pia kwamba miaka mingi amechora simba wa aina moja kwa sababu simba ndiye anayenunuliwa. Anazo picha nyingine anazozipenda zaidi: foleni ya maji mtaani, wodi ya wazazi, abiria wakigombania daladala Rangi Tatu saa moja asubuhi. Hizo huchora mwisho wa wiki, na nyingi bado zimeegemea ukuta wa chumba cha watoto.

“Simba nikimchora, namuuza simba,” alijibu hatimaye. “Anayenunua anajua ni simba wangu, wa bei yangu. Hii nyingine anayenunua anadanganywa.”

“Anayenunua ni tajiri.”

“Ndiyo, ni tajiri.”

Wakakaa kimya. Mama akasema jambo la mwisho kabla ya kuzima taa: “Mimi sikulazimishi. Ila ukikataa, uje na hesabu. Mtoto hatalalia heshima.”

Mtoto wa darasa la pili

Kesho yake Jumapili, baba aliketi kibandani na kipande cha karatasi. Anakiri kwamba alikuwa anajaribu. Aliifuata ile sahihi kwenye picha aliyotumiwa kwa simu, herufi kwa herufi, mara tano, mara sita. Mkono ulianza kuizoea. Kwa mtu mwenye brashi maisha yake yote, kuiga mwandiko si kazi ngumu.

Mtoto wake mdogo wa kiume, aliyekuwa darasa la pili na ndiyo kwanza amejua kusoma vizuri, alikuja kusimama nyuma yake. Siku hizo alikuwa anasoma kila kitu: mabango, pakiti za sabuni, maandishi ya nyuma ya bajaji. Akainama akasoma karatasi ile kwa sauti.

Kisha akauliza, “Baba, mbona hili si jina lako?”

Baba akamwambia ni jina la mchoraji wa zamani.

“Ndiye atachora hii picha?”

“Hapana. Nitachora mimi.”

Mtoto alifikiri kidogo. Shuleni mwalimu alikuwa amewaambia kila mmoja aandike jina lake juu ya daftari, na wiki ile mwenzake mmoja alichapwa kwa kufuta jina la mtu kwenye daftari na kuandika la kwake. Hii ilikuwa kinyume chake, na hakuielewa. “Sasa wewe wataandika jina lako wapi?”

Hakuwa anamhukumu baba yake. Alitaka tu kujua. Lakini baba alikunja karatasi ile akaitia mfukoni, na jioni aliitupa jikoni, kwenye jiko la mkaa.

Kukataa kwa hesabu

Wapo watakaosema huo ndio mwisho wa kisa: mtu alikataa uovu, akalala usingizi mzuri. Kwa mzazi, kazi ngumu ilikuwa inaanza pale. Alikuwa ameambiwa aje na hesabu.

Jumatatu alimpigia mfanyabiashara. Kwanza alimsalimia vizuri, kwa kuwa yule ni mkubwa wake kwa umri na bado alihitaji biashara yake. Kisha akampa pendekezo. Picha ndogo 60 atazichora. Zile sita pia yuko tayari kuzichora, chui yuleyule, mandhari ileile, ila kwenye hadibodi mpya na kwa sahihi yake mwenyewe, na nyuma ya kila picha ataandika mwaka ilipochorwa.

Mfanyabiashara alicheka. Kwa masharti hayo hakuzihitaji tena. Hata hivyo oda ya picha 60 aliiacha palepale, na baba aliomba jambo ambalo zamani alikuwa anaona aibu kuliomba: nusu ya fedha kwanza. Akapewa Sh240,000.

Hapa wachoraji wengi hujidanganya. Hizo Sh240,000 si za kula. Kila picha ndogo ilimgharimu Sh3,500 kwa kitambaa cha marekani, mbao za fremu, rangi, na ujira wa kijana anayemsaidia. Picha 60 ni Sh210,000. Faida, baada ya kumaliza kazi yote, ni Sh270,000. Aliziandika namba hizo kwenye ukurasa wa nyuma wa fomu ya shule, akampa mkewe asome.

Pengo lilikuwa Sh180,000.

Mama alilitazama lile pengo kwa muda. Kisha akatoa kile alichokuwa nacho. Kwenye mchezo wa wanawake wa mtaani zamu yake ilikuwa ya mwezi wa nane, kupokea Sh100,000. Alimwendea shoga yake wakabadilishana zamu. Mwenye nyumba alifuatwa na wote wawili, mume na mke, wakamwomba awavumilie mwezi mmoja. Alikubali, ingawa kwa maneno yaliyomwacha mama na uchungu siku nzima.

Kazi ya mkate haina aibu

Wiki mbili zilizofuata familia nzima ilinuka rangi. Picha 60 hazichorwi moja moja. Unapaka mandhari zote kwanza, unazianika juani, kisha unachora maumbo ya wanyama, unarudi kuweka rangi, unaanika tena, na mwisho kabisa unaweka madoa na mistari. Kijana msaidizi alipaka mandhari. Binti wa kidato cha tano, ambaye tangu mdogo ana mkono mtulivu, aliweka madoa kwenye twiga na chui. Baba alichora maumbo na kumaliza macho, kwa kuwa anaamini mnyama huanza kuishi pale machoni.

Hakuna kati ya hizo picha 60 aliyoiona kuwa ni kazi kubwa ya maisha yake. Zilikuwa kazi ya mkate, na alizifanya vizuri. Katikati ya wiki kinyozi wa jirani alimwomba amchoree ukutani vichwa vya wateja wenye mitindo mipya ya nywele. Hiyo ilileta Sh40,000.

Mwanzoni mwa maisha yake ya uchoraji, kazi kama hiyo ya kinyozi angeikataa. Alidhani msanii wa kweli hachori matangazo. Watoto watatu wamembadilisha. Siku hizi hajiulizi kama kazi ni ya sanaa au ni ya biashara, maana hata aliyeuanzisha mtindo wake alikuwa anauza. Anajiuliza kama aliyelipa amepata kile alichoambiwa anakipata. Kinyozi alitaka vichwa, akapata vichwa. Mtalii atakayenunua twiga wa bei ndogo amepata twiga wa bei ndogo.

Sheria nayo haikuwa upande wa sahihi ile. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa msanii haki ya kutambuliwa kama mwenye kazi yake, na kughushi ni kosa la jinai ambalo lingemfikisha mtu pabaya, tena yeye mchoraji kabla ya mwenye duka. Lakini anasema siku ile hakufikiria sheria. Alifikiria lile swali la jina litaandikwa wapi.

Tranka

Kufikia siku za mwisho ilibaki kununua tranka. Madukani lilikuwa Sh55,000. Baba alikwenda Gerezani kwa mafundi wanaogonga mabati, akanunua lisilopakwa rangi kwa Sh35,000. Alilipaka mwenyewe, bluu iliyokolea, na ubavuni akachora ndege wawili wenye mikia mirefu. Juu ya kifuniko, kwa herufi kubwa nyeupe, akaandika jina la binti yake lote, la kwake, la baba na la babu. Shule za bweni husisitiza hivyo, maana tranka lisilo na jina hupotea.

Lilipokuwa linakauka nje, mama mmoja wa nyumba ya tatu alipita. Mwanawe alikuwa anakwenda bweni Tabora. Akauliza kama fundi anaweza kumwandikia jina na lake. Sh3,000, akaambiwa. Jioni akaleta tranka, na pamoja naye akaja mwingine. Mpaka mwisho wa wiki alikuwa ameandika majina kwenye matranka tisa. Sh27,000.

Usiku wa kuamkia safari waliketi tena na fomu ile. Kwa kuwa tranka lilipungua bei, mahitaji yalikuwa Sh430,000. Picha 60 zilileta Sh270,000, mchezo Sh100,000, kinyozi Sh40,000, matranka Sh27,000. Jumla Sh437,000. Zilizidi Sh7,000, na mama akazifunga kwenye kitambaa akampa binti za maji na chakula njiani. Kodi ya nyumba ilikuwa bado inadaiwa, na zamu ya mchezo ya mwezi wa nane haikuwepo tena. Hawakujifanya kuwa hayo hayapo.

Binti alikuwa ameyasikia mazungumzo yote ya wiki zile, kwa kuwa katika vyumba viwili hakuna siri. Alimuuliza baba yake kama anajuta zile laki kumi na mbili.

“Nazikumbuka kila siku,” alijibu. “Hasa siku ya kodi.”

Alfajiri walilibeba tranka hadi kituo cha mabasi ya kusini, baba upande mmoja, binti upande mwingine, mdogo wao wa darasa la pili akitangulia na ndoo. Utingo alipoliinua kulipakia, alisoma jina juu ya kifuniko kwa sauti ili abiria ajitokeze.

Yule mdogo akamjibu kabla ya dada yake: “Hilo ni letu.”